Kibarua wa shamba Norfolk, miaka ya 1820: rekodi mbili za ubatizo, mtu mmoja. Wa kweli nimjueje?

Shina_na_Tawi

Habari za wakati huu, wakuu. Naomba msaada wa wanaozifahamu kumbukumbu za Uingereza za karne ya 19.

Ninayemtafuta ni kibarua wa shamba wa kusini mwa Norfolk, nitamwita James. Nina hati yake ya ndoa, Diss, Novemba 1846: ametimiza umri, kazi kibarua, baba anaitwa John, naye kibarua. Bwana na bibi harusi wote wameweka alama ya X. Sensa ya 1851 inamkuta Diss akiwa na miaka 26, mzaliwa wa Tibenham. Mwaka 1861 ana miaka 37, na safari hii ni mzaliwa wa Palgrave, Suffolk. Mwaka 1871 ana 47, Tibenham. Mwaka 1881 ana 58, Tibenham.

Kwenye fahirisi za mtandaoni nimepata watoto wawili wenye jina lake na jina lake la ukoo. Mmoja alibatizwa Tibenham mwaka 1823, wazazi John na Mary. Mwingine alibatizwa Bunwell mwaka 1825, wazazi John na Sarah. Vijiji vyenyewe ni jirani, na baba wote wawili wameandikwa vibarua. Miti ya ukoo iliyowekwa mtandaoni karibu yote imemchukua wa Tibenham, lakini hakuna hata mmoja unaoeleza kwa nini.

Sensa ya 1841 simwoni kabisa. Maswali yangu: nimchukue yupi na kwa ushahidi upi? Mwaka 1841 nimtafute wapi? Na kwa mtu asiyekuwa na ardhi, wosia wala jiwe la kaburi, kuna karatasi gani nje ya kanisa na sensa?

Mzee_wa_Rejista

Ndugu, usimchukue yeyote kwanza. Nguvu zako zipeleke kwa yule usiyemtaka: James wa Bunwell aliishia wapi? Ukimkuta amezikwa mtoto, au ukimkuta mwaka 1851 anakula nyumbani kwa John na Sarah usiku uleule ambao wako yuko Diss, mjadala umefungwa. Wengi hukwama kwa sababu wakishaona jina linalolingana wanaacha kutafuta, na hiyo miti uliyoiona imenakiliwa mmoja kutoka kwa mwingine.

Anza na umri, ila piga hesabu kwa usiku wa sensa, usitoe mwaka kwa mwaka tu. Sensa ya 1851 ilikuwa 30 Machi. Mwenye miaka 26 usiku huo alizaliwa kati ya 31 Machi 1824 na 30 Machi 1825. Ya 1861 ilikuwa 7 Aprili, miaka 37 inatupa Aprili 1823 hadi Aprili 1824. Ya 1871, tarehe 2 Aprili, inatoa karibu dirisha hilohilo. Ya 1881, tarehe 3 Aprili, inamrudisha nyuma hadi kati ya 1822 na 1823. Kwa hiyo sensa tatu kati ya nne zinavutia upande wa Tibenham. Hilo linampa nafasi ya mbele, halijamthibitisha, kwa sababu tarehe uliyonayo ni ya ubatizo. Mtoto aliyebatizwa 1825 anaweza kuwa alizaliwa 1823. "Ametimiza umri" kwenye hati ya ndoa maana yake miaka 21 au zaidi, lakini aliyesema hivyo ni bwana harusi mwenyewe na hakuombwa cheti. Usiegemee hapo.

Ndiyo maana lazima uione picha ya rejista yenyewe. Tangu 1 Januari 1813 makanisa ya Uingereza yalitumia kurasa zilizochapishwa, nafasi 8 za ubatizo kila ukurasa, na safu za tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba na sahihi ya kasisi. Hakuna safu ya tarehe ya kuzaliwa. Kasisi makini aliiandika pembeni kwa herufi ndogo, au akaandika "miaka 2", na hicho kipande cha pembeni ndicho wanaotengeneza fahirisi hukiacha. Tazama pia ukurasa mzima. Ukiona John na Sarah wamebatiza watoto watatu siku moja, yule James hakuwa mchanga, na hesabu yako yote ya umri inabadilika.

Kisha nenda kwenye mazishi. Rejista za mazishi kuanzia 1813 zinataja umri na makazi. Soma Tibenham na Bunwell mwaka kwa mwaka kuanzia 1823 hadi 1837, ukurasa kwa ukurasa. Kwa kijiji cha ukubwa ule ni kazi ya jioni mbili. Usajili wa serikali ulianza 1 Julai 1837, kwa hiyo kuanzia hapo tumia fahirisi ya vifo ya Ofisi Kuu ya Usajili. Fahirisi ya zamani haikuonyesha umri wa marehemu mpaka 1866. Hii mpya iliyo kwenye tovuti yao inauonyesha tangu 1837. Angalia jambo moja zaidi: mtoto akifa, wazazi mara nyingi walimpa mdogo wake jina lilelile. Ukikuta James wa Tibenham amezikwa 1824, tazama kama John na Mary walibatiza James mwingine baadaye kabla hujamfuta.

Sasa njia ambayo kwa kesi kama yako inatoa matunda mengi. James alizaliwa kabla ya 1837, hana cheti cha kuzaliwa na hatakuwa nacho. Lakini wadogo zake wa mwisho huenda wanavyo. Mama aliyezaliwa karibu 1800 angeweza kuzaa hadi miaka ya mwanzo ya 1840. Tafuta kwenye fahirisi ya Ofisi Kuu vizazi vyote vya jina hilo la ukoo katika wilaya ya usajili ya Depwade, inayozihusisha Tibenham na Bunwell, kuanzia 1837 hadi 1845. Fahirisi hiyo mpya inaweka jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, kitu ambacho ile ya zamani ilianza kuonyesha robo ya Septemba 1911 tu. Ukilipata jina la Mary au la Sarah kabla ya ndoa, utaweza kuipata ndoa ya wazazi, na mara nyingi ndoa ilifungwa parokia ya bibi harusi, siyo kijiji walichoishi baadaye.

Fanya hivyohivyo kwa watoto wa James mwenyewe, ili uwapate hata waliokufa kati ya sensa moja na nyingine. Ile tovuti inakulazimisha kuchagua jinsia na inapanua mwaka kwa miaka 2 tu kila upande. Basi weka 1848, 1853, 1858, 1863 na 1868, kila mwaka mara mbili, wa kiume na wa kike. Utafutaji 10 unafunika 1846 hadi 1870 bila kuruka hata mwaka mmoja. Kumbuka robo inayoonyeshwa ni ya kusajiliwa. Wazazi walikuwa na siku 42, kwa hiyo mtoto wa Desemba mara nyingi yuko kwenye robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Ukikosa mtoto mmoja katikati, usishtuke: faini kwa wazazi wasiosajili ilianza kuuma baada ya sheria ya 1874, iliyoanza kazi Januari 1875. Kabla ya hapo wapo waliodhani ubatizo unatosha.

Jembe_na_Kalamu

Nachangia la 1841, maana lina mitego yake.

Sensa ile ilikuwa usiku wa 6 Juni 1841. Makarani waliagizwa umri wa waliovuka miaka 15 waushushe hadi kwenye namba inayogawanyika kwa 5. James wako alikuwa na miaka 16, 17 au 18, kwa hiyo ataonekana ana 15. Ukiingiza "alizaliwa 1823, tofauti mwaka 1" hutampata daima. Weka 1826, ongeza miaka 5 kila upande. Baadhi ya makarani hawakufuata agizo wakaandika umri kamili, kwa hiyo usimkatae pia mwenye 17.

La pili, kijana wa umri huo huenda hakuwa kwa wazazi wake. Sensa ya 1841 haitaji uhusiano wa watu waliomo nyumbani, basi kijana aliyelala kwa mkulima ataonekana mwishoni mwa orodha ya nyumba hiyo, jina lake la ukoo tofauti na wengine, kazi imeandikwa "M.S." yaani mtumishi wa kiume, au "Ag Lab", ufupisho utakaokutana nao kila ukurasa wa mashambani: kibarua wa kilimo. Tazama vijistari vya mshazari pembeni mwa majina. Vistari viwili vinafunga nyumba, kimoja kinatenganisha kaya ndani ya nyumba ileile. Msomaji asiyeviona humpa kijana wazazi wasio wake.

Safu ya kabla ya mwisho inauliza kama amezaliwa kaunti hiyohiyo, ndiyo au hapana. Hapa kuna jambo la mahali penyewe. Diss iko Norfolk, Palgrave iko ng'ambo ya mto Waveney upande wa Suffolk, mwendo mfupi kwa miguu. Kijana wa Tibenham anayefanya kazi Palgrave ataandikwa hapana, nawe ukichuja kwa Norfolk peke yake amekuponyoka. Tafuta kaunti zote mbili.

Ukishindwa kwa jina la ukoo, liache wazi. Andika James, umri 15, parokia moja moja: Tibenham, Bunwell, Carleton Rode, Diss, Palgrave. Kwa parokia ndogo ni majina machache yasiyochosha. Majina ya ukoo ya mashariki mwa Uingereza yaliandikwa karani alivyoyasikia. Aldous utaikuta Aldis, Aldus, Aldhouse. Mwenye jina hakujua kusoma, hakuweza kumsahihisha karani. Na juu ya kosa la karani kuna la msomaji wa leo: herufi s mbili mwishoni, kwa mwandiko wa zamani, ya kwanza ilirefushwa ikafanana na f, basi Ross ikasomwa Rofs. L na S kubwa zinachanganywa, T na F vilevile. Andika jina la ukoo wako kwa mkono uliolala, ujiulize kila herufi inaweza kusomwaje, kisha tafuta hizo zote.

Na kumbuka tunachosoma leo kwa sensa za 1841 hadi 1901 ni vitabu vya makarani. Fomu zilizojazwa nyumbani hazikuhifadhiwa. Zinaanza kubaki 1911. Kwa hiyo "Palgrave" ya 1861 imepita mikononi mwa mtu mmoja zaidi kabla ya kukufikia.

Sanduku_la_Parokia

Nijibu lile swali la tatu, kwa sababu wengi wanakata tamaa pale wanapoambiwa hakuna wosia. Kibarua wa shamba hakuandikwa kwa mali yake. Aliandikwa alipoigharimu parokia fedha, na parokia zilipohesabu fedha hazikusahau senti. Karatasi hizo ndizo zinazomsimulia mtu kuliko sensa yoyote.

Mzizi wake ni haki ya ukaazi. Tangu sheria ya 1662, kila mtu maskini alikuwa na parokia moja iliyobeba jukumu lake. Mtoto wa ndoa alirithi ya baba, mke alichukua ya mume, mtoto wa nje ya ndoa alipata ya mahali alipozaliwa. Mtu mzima aliweza kujipatia mpya: kwa kuwekwa uanagenzi wa ufundi kwa mkataba, kwa kupanga mahali pa pauni 10 kwa mwaka, au, na hii ndiyo iliyowahusu vijana wa shamba, kwa kuajiriwa akiwa hajaoa na kutumikia mwaka mzima bila kukatika. Wakulima waliokwepa mzigo waliajiri kwa wiki 51. Njia hii ya utumishi ilifutwa na sheria ya maskini ya 1834, lakini ukaazi uliokwisha kupatikana kwa njia hiyo ulibaki halali na ulirithiwa. Kwa hiyo ukaazi wa James unategemea mahali John alipotumikia akiwa kijana, huenda karibu na 1810 au kabla.

Familia ikiomba msaada mahali pasipo pake, mwanamume alipelekwa mbele ya mahakimu wawili akahojiwa. Hiyo karatasi ya mahojiano ikipatikana, isome neno kwa neno. Kwa kawaida inasema alizaliwa wapi, baba yake alikuwa wa parokia gani, kisha akiwa na miaka kama 14 au 15 aliajiriwa Sikukuu ya Mikaeli na mkulima fulani, kwa mwaka, kwa mshahara wa pauni kadhaa, akila na kulala hapo. Mwaka uliofuata kwa mkulima mwingine. Kisha ameoa nani, kanisa gani, na watoto wangapi na umri wa kila mmoja. Chini kuna X yake. Ni maisha ya miaka 20 kwenye ukurasa mmoja, yametoka kinywani mwake mwenyewe kwa kiapo. Karani kayaweka kwa lugha ya mahakama, lakini mfuatano wa mashamba ni wake.

Baada ya mahojiano ilikuja amri ya kurudishwa. Parokia inayomtoa ilibaki na nakala, inayompokea ilipewa yake. Hivyo ukikosa kwenye makaratasi ya Diss, uliza ya Tibenham na ya Bunwell. Parokia iliyopokea ikikataa, ilikata rufaa kwenye kikao cha mahakimu cha kila robo mwaka, na kesi za namna hiyo zinakaa kwenye kumbukumbu za kaunti, mbali na za kanisa. Dirisha lako ni 1846 hadi 1851 hasa. Sheria ya 1846 iliwakinga wasirudishwe waliokaa mahali miaka 5 mfululizo; 1861 ikashuka hadi miaka 3; 1865 ikawa mwaka mmoja na gharama zikahamishiwa kwenye muungano wa parokia, yaani kundi la parokia zilizowahudumia maskini kwa pamoja. James kaoa Diss mwaka 1846. Kama alipungukiwa kazi majira ya baridi ya miaka ile ya kwanza, wakati mtoto wa pili kazaliwa, ndipo jina lake lingeingia kwenye karatasi. Na karatasi hiyo ingelitaja lile unalolitafuta: parokia ya John.

Kwa John mwenyewe, kabla ya 1834, tafuta vitabu vya hesabu vya wasimamizi wa maskini wa Tibenham na Bunwell. Humo kuna malipo ya wiki, jozi ya viatu ya mtoto, mzigo wa makaa, jeneza. Ukimwona John wa Bunwell analipiwa jeneza la mvulana, umepata mazishi hata kama rejista imekosea jina. Nyaraka hizi zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Norfolk, mjini Norwich. Kwenye katalogi yao tafuta jina la parokia, kisha fungua sehemu ya wasimamizi wa maskini. Usitegemee kila jina la mtu limefahirisiwa. Parokia nyingine zilihifadhi kila kipande, jirani zao walichoma vyote, kwa hiyo soma orodha ya kilichobaki kabla ya kupanga safari au kulipia mtu akutafutie.

Baada ya 1834 mambo yakaenda kwenye miungano. Diss, Tibenham na Bunwell zote ziliingia muungano wa Depwade, jumba lao la maskini likiwa Pulham Market. Kwa miungano mingi rejista za kuingia na kutoka zimepotea, lakini barua kati ya muungano na makamishna wa sheria ya maskini wa London zimebaki Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, kundi MH 12, zimepangwa kwa muungano na kwa mwaka. Utakuta humo orodha za familia zilizosaidiwa kuhama: sheria ya 1834 iliruhusu parokia kukusanya fedha za kuwasafirisha maskini wao ng'ambo, na Norfolk na Suffolk zilituma wengi Kanada kati ya 1835 na 1837. Kama wazazi wa James wa Bunwell hawaonekani popote mwaka 1841, angalia hapo kabla hujasema wamekufa.

Jambo moja la mwisho upande huu. Kutoweka kwa baba karibu na 1830 na 1831 kuna maelezo mengine. Mwezi Novemba 1830 vibarua wa Norfolk, kama wenzao wa kusini yote, walivunja mashine za kupura nafaka zilizowaondolea kazi ya majira ya baridi, na waliokamatwa walifungwa au kupelekwa New South Wales na Tasmania huko Australia. Rejista za wahalifu kundi HO 27, kuanzia 1805, zimepangwa kwa kaunti na mwaka na ni rahisi kupekua. Waliosafirishwa wana maelezo ya urefu, rangi ya macho, makovu na kijiji cha kuzaliwa. Ni mara chache sana kibarua wa enzi ile kuelezwa mwili wake hivyo.

Shina_na_Tawi

Wakuu, nashukuru sana. Nimeanza na mazishi ya Bunwell, nimefika 1830, hakuna James bado. Nina mawili ya nyongeza. Hii Palgrave ya 1861 niitupe? Na kuna mtu kanitumia ujumbe kwamba jina la baba kwenye hati ya ndoa haliaminiki. Hilo ni kweli kiasi gani?

Mzee_wa_Rejista

Palgrave usiitupe, iweke pembeni. Aliyemjibu karani mwaka 1861 anaweza kuwa mke wakati mume yuko shambani, na mtu akiulizwa ametoka wapi hutaja mahali anapopakumbuka: alipokulia, alipotumikia kwa mara ya kwanza. Angalia mke wake amezaliwa wapi katika sensa ileile. Kama mke ndiye wa Palgrave, karani amerudia mstari wa juu au wa chini, kosa la kawaida kabisa. Kama hakuna wa Palgrave kaya nzima, basi alipewa jibu hilo na mtu, na una sababu nzuri ya kumtafuta kijana wa 1841 huko, kama alivyosema Jembe_na_Kalamu.

Kuhusu baba: safu hiyo ilianza Julai 1837 na hakuna aliyekagua majibu. Ikiachwa tupu, mara nyingi mtu alizaliwa nje ya ndoa. Ikijazwa, anaweza kuwa baba mzazi, baba wa kambo, au babu aliyemlea na jina lake likaokoa aibu mbele ya kasisi. Pia kukosekana kwa neno "marehemu" hakumaanishi baba yuko hai. Makarani wengine waliliandika, wengine hawakulijali. Kwako, rekodi zote mbili za ubatizo zina baba na mama, kwa hiyo hofu ni ndogo, ila usiache kusoma safu ya wazazi kwa jicho lako. Kwa mtoto wa nje ya ndoa kasisi aliandika jina la mama peke yake na kuongeza neno la kueleza, na kabla ya 1834 parokia ilimbana baba anayetajwa alipe. Makaratasi ya kumbana yako pamoja na yale ya parokia aliyoyataja Sanduku_la_Parokia.

Kisha omba picha ya rejista ya kanisa ya ndoa ile ya 1846. Hati inayotolewa na Ofisi Kuu ni nakala ya nakala iliyopelekwa London kila robo mwaka, mwandiko wote ni wa kasisi mmoja. Kwenye rejista ya kanisa utaona X zenyewe na, muhimu zaidi, sahihi za mashahidi. Wasome hao mashahidi. Pekua kurasa za ndoa 10 kabla na 10 baada. Shahidi anayejirudia kila ndoa ni mtumishi wa kanisa, mwache. Aliyetokea mara moja tu ni ndugu au rafiki. Shahidi akiwa mwanamke mwenye jina la ukoo la James, mtafute kama dada: je, amebatizwa Tibenham na John na Mary, au Bunwell na John na Sarah? Dada mmoja aliyetiwa mahali pake anabeba uzito kuliko umri wa sensa zote nne.

Jembe_na_Kalamu

Naongeza kitu kidogo juu ya matangazo ya ndoa. Kama hawakulipia leseni, na vibarua karibu wote hawakulipia, ndoa ilitangazwa Jumapili tatu. Kama mmoja aliishi parokia nyingine, ilitangazwa kote kuwili, na kitabu cha matangazo cha parokia ile ya pili kina mstari wake. Kiulize kitabu cha Diss kwanza kinamwita James wa parokia gani wiki zile tatu za Oktoba na Novemba 1846.

Na usisahau Wamethodisti. Katika vijiji vya Norfolk vibarua wengi waliingia kwa Wamethodisti wa Asili. Rejista za makanisa yasiyo ya Anglikana zilizokabidhiwa serikalini baada ya 1837 ziko Kew, kundi RG 4. Ukiona pengo la miaka 4 katikati ya watoto wa John na Mary kanisani, tazama huko kabla ya kudhani mtoto amekufa au mama amebadilika.

Sanduku_la_Parokia

Shina_na_Tawi, ukimaliza mazishi ya Bunwell hadi 1837, nenda moja kwa moja sensa ya 1851 ya Bunwell, kundi HO 107, uisome yote kaya kwa kaya badala ya kutafuta kwa jina. Andika kila mwenye jina hilo la ukoo, umri, na parokia ya kuzaliwa. Kisha fanya hivyo kwa Tibenham. Kama James wa pili yupo, amefichwa na tahajia. Ukimkosa kote kuwili, orodhesha vifo vya jina hilo Depwade kuanzia robo ya Septemba 1837 hadi robo ya Machi 1851 vyenye umri wa kati ya miaka 11 na 28. Havitazidi vichache. Agiza picha za hivyo tu, utazame aliyetoa taarifa ya kifo: kama ni Sarah, aliyekuwepo wakati wa kufa, wa Bunwell, naye ameweka X yake, basi umempata yule mwingine na wa Tibenham anabaki peke yake.